Barua Pepe Hupita Njia Gani?



Ndugu wasomaji, barua ya karatasi itokayo Alum Rock kwenda Unguja sote twaijua safari yake. Huandikwa, hutiwa katika bahasha, hubandikwa stempu, hutumbukizwa katika kisanduku chekundu kando ya barabara, na baada ya siku kadhaa hulala katika Sanduku la Posta ikimngoja mwenyewe aje na ufunguo. Ikichelewa tunajua wa kumlaumu. Lakini barua pepe, ambayo leo hubeba nakala za pasi zetu, hati za mirathi, risiti za ada za watoto na habari za misiba, wengi wetu tunaituma bila ya kujua hupita wapi wala hupokewa na nani. Tunabonyeza na kudhani kwamba imeruka kutoka simu hii hadi simu ile kama jiwe lililotupwa.

Haiendi hivyo. Barua pepe hupokewa na kukabidhiwa, mkono kwa mkono, na kila mkono huisoma anwani na kuamua pa kuipeleka. Aijuaye njia hiyo ataelewa kwa nini barua moja hurudi, ya pili humfikia mtu asiyekusudiwa, na ya tatu hudai kuwa imetoka kwa ndugu yako ilhali huyo ndugu hana habari nayo. Hii ya tatu ndiyo iliyokwisha kuwatoa watu akiba zao, nasi tutaifikia.

ANWANI NI JAMAA YA S.L.P.

Hapa Uingereza tarishi huja hadi mlangoni, na msimbo unaoanzia na B8 humwonyesha mtaa kabla hajaliona jina la mtu. Kwetu Afrika Mashariki barua haiji nyumbani. Huenda kwenye sanduku lililoko posta, na mwenye sanduku ndiye aendaye. Barua pepe imefuata desturi ya kwetu. Haiji kwenye simu yako. Huwekwa katika sanduku lililomo ndani ya kompyuta kubwa iwashwayo usiku na mchana, iitwayo seva, na simu yako ni ufunguo tu. Ndiyo maana simu ikianguka majini barua zako haziloi.

Alama ile ya @ iliwekwa na mhandisi wa Kimarekani, Ray Tomlinson, mwaka 1971, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman mjini Cambridge, Massachusetts. Kabla yake mtu aliweza kumwachia ujumbe yule tu aliyetumia kompyuta ile ile moja. Tomlinson alipotaka kuupeleka ujumbe kwenye kompyuta nyingine alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la mashine, akaichagua hiyo kwa kuwa haimo katika jina la mtu yeyote. Miaka mitano baadaye, tarehe 26 Machi 1976, Malkia Elizabeth wa Pili alituma ujumbe wa aina hiyo kutoka kituo cha utafiti cha Malvern, si mbali na hapa, kusini-magharibi mwa Birmingham. Basi mkoa wetu huu umo katika historia hii tangu mapema.

Kilicho kushoto kwa alama hiyo ni jina la mwenye sanduku. Kilicho kulia ni jina la nyumba ya masanduku, ambalo wataalamu wa Kiswahili wameliita kikoa. Neno hilo watu wa pwani tulikuwa nalo zamani kwa maana nyingine, yaani kula pamoja kwa kuchangiana au kwa zamu, na kwa maoni yangu halikukosewa, kwani jina moja hukusanya masanduku mengi kama sinia moja likusanyavyo mikono.

Sasa hapa pana jambo la kushika. Kikoa husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mtoto wetu wa chuoni aliyezoea kusoma Kiarabu atalielewa upesi kuliko mwenzake. Katika anwani ya mfano, bimkubwa@mfano.co.tz, tunaanza na tz, Tanzania. Kisha co, yaani sehemu ya makampuni. Kisha mfano, jina la nyumba yenyewe. Bimkubwa ni wa mwisho, na hakuna seva yoyote njiani inayoshughulika na jina lake ila ile ya nyumba yake. Herufi mbili za nchi zilisajiliwa kila moja kwa wakati wake: uk mwaka 1985, ke mwaka 1993, ug na tz mwaka 1995, na om ya Oman mwaka 1996. Zanzibar haina zake. Imo ndani ya tz. Tena zitazameni ofisi za serikali. Za Kenya, Tanzania na Uganda huandikwa go kabla ya herufi za nchi, kama go.ke na go.tz, na za Uingereza huandikwa gov.uk.

Faida ya kujua hayo ni hii. Barua ikikujia ikidai kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, usiridhike kwa kuliona neno homeoffice mahali fulani katika anwani. Anza kulia. Ikiwa mwisho wake ni gov.uk, umefika kwenye ukoo wa serikali. Ikiwa maneno homeoffice.gov.uk yamefuatwa na nukta, kisha jina jingine, kisha com, basi mwenye nyumba ni hilo jina jingine, na hayo yaliyotangulia ni mapambo aliyoyabandika ukutani mwake. Kuyabandika si kazi. Mwenye kikoa huweza kuandika kushoto mwake neno lolote alitakalo.

HERUFI MOJA, NCHI NYINGINE

Vyuo vikuu vya Uingereza viliwahi kuwa na mtindo wao. Mtandao wao wa JANET, ulioanza mwaka 1984, uliandika anwani kwa kutanguliza kikubwa: uk kwanza, kisha ac, yaani vyuo, kisha jina la chuo. Kwa mpangilio huo Chuo Kikuu cha Birmingham kilikuwa uk.ac.bham, ilhali dunia nyingine yote ingekiandika bham.ac.uk. Yalipokutana makundi hayo mawili ilibidi pawe na mashine za kuzigeuza anwani, na mashine hubahatisha. Idara nyingi za kompyuta zilijiita cs. Anwani iliyoandikwa Kiingereza ikaishia na cs, na cs katika orodha ya dunia ilikuwa Chekoslovakia. Barua iliyokusudiwa kuvuka mtaa mmoja mjini humu ingeweza kuelekezwa Praha. Vyuo viliuacha mtindo huo katika miaka ya 1990, na Chekoslovakia yenyewe iligawanyika Januari 1993.

Msidhani hayo yamepita. Mwenye haraka huandika com akaidondosha herufi c, ikabaki om. Hiyo ni Oman. Sisi wenye jamaa Maskati na Sur twaona ni jambo la kuchekesha, lakini mwaka 2016 wataalamu wa usalama walieleza kwamba majina mengi ya makampuni mashuhuri yalikuwa yamesajiliwa na walaghai chini ya om, wakiwangoja wakosao herufi hiyo moja. Na mwezi Julai 2023 gazeti la Financial Times la London lilieleza kwamba barua nyingi mno za jeshi la Marekani, ambalo kikoa chake ni mil, zilikuwa zimekwenda kwa miaka mingi kwenye ml, ambayo ni Mali ya Afrika Magharibi, kwa sababu waandishi waliisahau herufi i. Ndani yake mlikuwa na taarifa za matibabu na safari za maofisa. Ikiwa jeshi la dola kubwa limekosea hivyo, nani atamlaumu mama yetu wa Washwood Heath?

Upande wa kushoto una hatari yake, nayo yatugusa sisi kuliko wengine kwa sababu ya majina yetu. Hesabu jinsi jina la Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, linavyoandikwa kwa herufi za Kilatini: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Muhamad, Mohamad. Khamis wa Unguja ni Hamisi wa Tanga. Abubakar huongezewa i au huachwa bila yake. Katika zile nyumba kubwa za masanduku zenye mamilioni ya wapangaji, kama vile Gmail, Yahoo na Outlook, kila umbo la majina hayo lina mwenyewe, na pengine si ndugu yako. Barua uliyoiandika vibaya kwenda kwenye jina lisilokuwapo hurudi. Ile iliyokwenda kwenye jina lililopo hairudi. Imefika salama kabisa, ila kwa mtu mwingine, na nakala ya pasi ya mtoto wako sasa imo katika sanduku la mgeni. Seva haikukosa; ilifanya ulivyoiambia.

Kwa hiyo anwani ya mtu usiiandike kwa kuisikia. Mwambie akutumie yeye kwanza, hata neno moja tu la salamu, nawe umjibu. Na usitume hati mara ya kwanza. Tuma salamu, ngoja jibu ambalo mgeni asingeweza kulitoa, kama jina la bibi au la mtaa, ndipo utume hati. (Herufi kubwa na ndogo kwa desturi hazileti tofauti. Nukta ndani ya jina hazihesabiwi na Gmail, lakini huhesabiwa kwingine, basi ziandikwe zilivyo.)

HODI, KARIBU

Tuseme sasa umebonyeza. Simu yako haimtafuti Bimkubwa. Huikabidhi barua kwa seva ya nyumba yako wewe, nayo ndiyo ianzayo kuuliza. Hapo zamani kompyuta zote za mtandao ziliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa na taasisi moja huko California, na kila mwenye mashine akaichukua nakala yake. Orodha ikawa ndefu hata ikashindikana. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mpango unaotumika hadi leo, wa kumwuliza kila mwenye dhamana juu ya sehemu yake tu. Seva yako huwauliza wakuu wa shina: tz iko wapi? Hujibiwa. Huwauliza watunzaji wa tz: mfano.co.tz iko wapi? Hujibiwa. Mwisho huiuliza mfano.co.tz yenyewe: barua zenu apokea nani? Swali hili la mwisho liliwekewa utaratibu wake mwaka 1986, na jibu lake huweza kutaja wapokeaji wawili au watatu, kila mmoja na namba ya zamu: huyu kwanza, asipopatikana yule.

Ndipo seva hubisha hodi. Nasema hodi kwa makusudi, kwa kuwa mazungumzo yake, yaliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, yafanana mno na adabu za mlangoni. Seva igeni husema HELO, kwa l moja, na kutaja jina lake. Mwenyeji hujibu 250, yaani karibu. Mgeni husema MAIL FROM na kumtaja aliyemtuma. 250. Husema RCPT TO na kumtaja anayepelekewa. Hapa ndipo pa mashaka. Mwenyeji akimjua mtu huyo hujibu 250. Asipomjua hujibu 550, na mlango hufungwa. Akikubali, mgeni husema DATA, humwaga barua yote, humaliza kwa nukta moja peke yake katika mstari, kisha huaga. Mazungumzo haya yote huchukua muda mfupi kuliko sisi kusema masalkheri.

Namba zianzazo na 5 maana yake ni la, tena la kabisa. Zianzazo na 4 maana yake si sasa, rudi baadaye, na seva yenye adabu hurudi. Mwenyeji asipofungua mlango hata kidogo, pia hurudi. Kanuni yasema iendelee kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Watu wa Unguja wataukumbuka mwezi wa Mei 2008, umeme ulipokatika kisiwa kizima kwa takriban mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Seva iliyokuwa kisiwani bila ya jenereta wala mpokeaji wa zamu ya pili upande wa bara, barua zake zilingoja nje siku hizo chache kisha zikarudishwa kwa watumaji. Aliyekuwa na mpokeaji wa pili kwingine, zake zilihifadhiwa. Zamu ya pili hiyo huonekana kama anasa hadi siku ya giza.

Barua inayorudi huja kwa jina la MAILER-DAEMON, na najua wako walioifuta upesi wakidhani ni jambo la shetani. Si yeye. Neno hilo asili yake ni la Kiyunani, la kutaja roho zisizoonekana, na wahandisi wakaiita hivyo programu ifanyayo kazi chinichini bila ya kuitwa. Isomeni kabla ya kuifuta, kwani ndani yake imeandikwa sababu: jina halipo, sanduku limejaa, au nyumba yenyewe haikupatikana.

SAFARI YA ZAMANI, KAMPALA KUPITIA LONDON

Vijana wetu hawatasadiki jinsi barua hizi zilivyosafiri miaka ya mwanzo ya 1990. Afrika Mashariki haikuwa na intaneti ya kudumu. Walikuwako watu wachache wenye modemu na simu, wakiutumia mpango uitwao FidoNet, ambao kompyuta zake hupigiana simu kwa zamu, hubadilishana mafurushi ya barua, kisha hukata. Afrika katika mpango huo ilikuwa kanda namba 5. Nairobi kituo kilikuwa katika shirika la mazingira la ELCI. Kampala kilikuwa Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya Charles Musisi, kwa jina la MUKLA. Kilichowaunganisha na dunia kilikuwa shirika la GreenNet, hapa hapa Uingereza, mjini London, ambapo Karen Banks alilishughulikia lango la barua hizo. Anwani ya Kampala iliishia na mukla.gn.apc.org. Isome kutoka kulia, kama tulivyojifunza: apc, muungano wa mashirika, gn, yaani GreenNet, kisha ndipo Makerere. Anwani ilijichorea ramani ya njia yake. Mtu wa Kampala alikuwa mpangaji katika nyumba ya London, na barua yake ilingoja huko hadi simu ipigwe.

Madaktari walikuwa na njia ya ajabu zaidi. Shirika la SatelLife la Boston lilitumia setilaiti ndogo, na mojawapo, HealthSat-2, iliyoundwa Surrey, ilirushwa Septemba 1993. Haikusimama mahali pamoja angani. Ilipita juu ya mji mara chache kwa siku, ikachukua barua zilizotayarishwa, ikazishusha ilipopita kwingine. Tarishi wa angani kweli kweli.

Hata intaneti ya kudumu ilipofika, njia zilibaki za kuzunguka. Makampuni ya Nairobi yalinunua njia za setilaiti kila moja kwa upande wake, yakawa hayana mlango wa kupitiana nyumbani. Barua ya mtu wa Westlands kwenda kwa mtu wa Ngara ikapanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi, na safari yote ililipiwa kwa fedha za kigeni. Novemba 2000 makampuni hayo yalifungua mahali pa kubadilishana paitwapo KIXP. Shirika la simu la Telkom Kenya, lililokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, likalalamika, na mwezi uliofuata tume ya mawasiliano ikapafunga. Palifunguliwa tena Februari 2002, baada ya hoja ndefu, na nafikiri hiyo ni miongoni mwa hoja muhimu zaidi zilizopata kushinda katika historia ya mawasiliano ya Kenya, japo haikuimbiwa nyimbo. Waya za chini ya bahari zilikuja baadaye: SEACOM iliwafikia Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, TEAMS ikaziunganisha Mombasa na Fujairah mwaka huo huo, na EASSy ikafuata 2010.

Na leo? Leo pengine barua haisafiri kabisa. Wewe Alum Rock na shangazi yako Mombasa mkiwa nyote wapangaji wa Gmail, hakuna seva ya Kenya iliyobishiwa hodi. Imetoka chumba kimoja ikaingia kingine katika nyumba ile ile ya kampuni moja ya Kimarekani, na kinachovuka bahari ni macho ya shangazi tu anapofungua sanduku lake. Ni rahisi, tena ni bure, lakini tujue kwamba funguo zote ziko kwa mwenye nyumba mmoja.

NA MWENYE NYUMBA AKIFUNGA?

Wako miongoni mwetu waliofungua anwani zao za mwanzo katika huduma ya Freeserve, iliyoanzishwa na maduka ya Dixons mwaka 1998. Freeserve ikawa Wanadoo mwaka 2004, Wanadoo ikawa Orange mwaka 2006, Orange ikaangukia mikononi mwa EE, na tarehe 31 Mei 2017 EE ikavifunga vikoa hivyo vyote. Jamaa walioishika anwani ile kwa miaka kumi na tisa, Lamu, Bujumbura au Dubai, waliandika na barua zikarudi. Na tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili. Wazee wetu wengi wana sanduku lililofunguliwa na mjukuu kwa ajili ya ombi moja la viza na halijafunguliwa tena. Lifungueni mara moja moja. Na hati zilizomo zichapwe, zihifadhiwe katika faili la karatasi ndani ya kabati.

BAHASHA NA BARUA

Sasa tulifikie lile la fedha. Rudi kwenye mazungumzo ya mlangoni. Jina lililotajwa katika MAIL FROM limeandikwa juu ya bahasha, na bahasha hutupwa barua inapofika. Jina unaloliona wewe, kwenye neno From, limeandikwa ndani ya barua. Hayo ni mawili tofauti, na kanuni ya mwaka 1982 haikumlazimisha mtu kuyalinganisha, kwa sababu waliokuwamo mtandaoni wakati ule walikuwa wachache wenye kujuana. Kama vile mtu yeyote awezavyo kuandika chini ya karatasi "mimi kaka yako Salim," ndivyo awezavyo kuandika katika From.

Makufuli yameongezwa baadaye. Mwenye kikoa huweza kutangaza hadharani ni seva zipi zenye idhini ya kutuma kwa jina lake, na kuipiga kila barua muhuri wa hesabu usioweza kuigwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwadai mihuri hiyo wale watumao barua kwa wingi. Jambo jema. Lakini kufuli hizo hulinda kikoa, hazimlindi kaka. Mlaghai huweza kufungua sanduku halali kabisa, akajipa jina la kuonyesha "Kaka Salim," na simu yako ikakuonyesha jina hilo tu na kuificha anwani. Liguse jina hilo kwa kidole, anwani kamili itatokea. Tazama pia usemapo "jibu" barua inaelekea wapi, kwani huweza kutoka kwenye anwani moja na kuomba majibu kwenye nyingine. Na baya kuliko yote, mwizi huenda ameiba ufunguo wa sanduku la kaka mwenyewe. Hapo anwani ni sahihi, mihuri ni sahihi, hata mazungumzo yenu ya nyuma anayajua.

Basi barua iombayo fedha, iwe ni ya maziko, ya safari ya Hija, ya mchango wa msikiti au ya "benki yangu imebadilika, tuma kwenye akaunti hii mpya," haijibiwi kwa barua. Piga simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani na si iliyoandikwa humo ndani, usikie sauti. Anayekuharakisha na kukuomba usimwambie mtu ndiye wa kuchelewa naye. Barua ya kutiliwa shaka ipelekwe kwenye report@phishing.gov.uk, anwani ya taasisi ya serikali ya usalama wa mitandao, iliyofunguliwa Aprili 2020. Nanyi sasa mwajua kuisoma kutoka kulia.

Jambo dogo kwa wenzetu wanaosambaza matangazo ya madrasa na ya misiba. Majina yote mliyoyaweka kwenye To huonekana na kila apokeaye, na tangazo moja likipelekwa mbele limebeba anwani za familia mia. Yawekeni kwenye Bcc. Huandikwa juu ya bahasha peke yake, ndani ya barua hayaonekani.

Mwenye kutaka kuona safari ya barua yake kwa macho afungue sehemu iitwayo chanzo cha ujumbe, au kichwa kamili, kwenye kompyuta. Atakuta mistari ianzayo na Received. Kila seva iliyoipokea barua imepiga muhuri wake juu ya ule uliotangulia, kwa hiyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu. Kila muhuri una saa na umbali wake na saa ya Greenwich: +0300 ni ya kwetu Afrika Mashariki, +0400 ya Oman, +0100 ya hapa wakati wa kiangazi na +0000 wakati wa baridi. Barua iliyotoka Mombasa 21:14:05 +0300 ikapokewa hapa 19:14:08 +0100 haikurudi nyuma saa mbili. Imechukua sekunde tatu. Ukiona kati ya mistari miwili pengo la saa nyingi, hapo ndipo ilipolala. Mihuri ya chini huweza kughushiwa na aliyeituma. Ya juu kabisa, iliyopigwa na nyumba yako mwenyewe, haimo mkononi mwake.